Kanyageni Majani

Tangu nistaafu, jirani yangu hapa Kabeza anaweza kuwasha mkaa wake jioni, moshi ukavuka ukuta na kuingia kwangu, nami nisiinuke kitini. Kwangu huo ndio ustaafu. Zamani moshi wowote, hata wa mtu anayechoma mahindi barabarani, ulinisimamisha na kunifanya nitafute mlango kwa macho. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia nimeolewa na kiwanda. Sasa nakunywa chai yangu, moshi unakwenda zake, na kifua changu ni chepesi. Sijui nisemeje raha ya jambo hilo.

Ninyi mnaobaki kiwandani mliniomba niandike jinsi kamati ya usalama ilivyoanza, ili watakaoipokea wasidhani ilishuka na mvua. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, kwanza kwa sababu hayakuwa mengi. Nitaandika yale mtakayoyahitaji, na machache ya kunifurahisha mwenyewe, maana sasa hakuna mtu wa kunikata maneno kikaoni.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, na cherehani nilifundishwa na masista huko huko. Ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Kinyarwanda changu ni cha kusemea nyumbani, na kila nikikiandika mwanangu Aline hukisahihisha kwa furaha isiyo na adabu. Nilipokuja Kigali nikapata kazi kwenye kiwanda chetu cha magodoro, pale upande wa Gahanga, wakati ambapo dirisha moja lilitazama mashamba ya maharage na la pili lilitazama nyumba mpya zikipanda mlima. Wafanyakazi tulitoka Burundi, Uganda, Kongo, Tanzania na humu humu, kila mtu na Kiswahili chake, na tulielewana kuliko watu wengi wanaoongea lugha moja.

Siku ya kwanza sikushona kitu. Fundi wa kumimina sponji, mtu mpole ambaye amekwisha kurudi kwao, alinipeleka kwenye banda la mbele ambako mabonge mapya ya sponji hulazwa. Kwa wasiojua, sponji humiminwa ikiwa maji, ikaumuka kama unga wa mandazi mpaka ikawa bonge linalomzidi mtu urefu. Akaniambia niweke kiganja. Bonge lilikuwa limesimama kimya, jeupe, zuri, na ndani yake mlikuwa na joto kama la paji la uso la mgonjwa.

“Hili bado linapika,” akasema. “Nje utaona limeiva, lakini moyo wake iko moto. Ndiyo maana tunayapanga mbalimbali, upepo upite. Ukiyabananisha, moyo unaweza kuwaka wenyewe.”

Nilimwuliza ikiwaka tunafanyaje. Akatazama mlango mkubwa wa mbele, akatazama ndani ya ukumbi wenye magodoro mpaka darini, akasema, “Nta kibazo,” yaani hakuna shida. Hilo ndilo jibu nililopewa kwa miaka mingi, kuhusu kila kitu.

Jengo letu mnalijua, lakini acheni karatasi hii nayo ilieleze. Ukumbi mmoja mrefu. Mbele, mlango mkubwa unaotazama banda la mabonge na barabara. Katikati, meza za kukatia na za gundi. Nyuma, cherehani zetu sisi akina mama, na nyuma yetu mlango wa dharura. Nje ya mlango huo kulikuwa na ukanda mwembamba wa saruji, halafu majani, halafu uzio. Kumbukeni majani hayo.

Kamati ilizaliwa siku aliyokuja mkaguzi wa kazi kutoka Kacyiru, mwanamke mrefu aitwaye Speciose, mwenye sauti ya chini na macho yanayofungua makabati. Alimwuliza mkurugenzi wetu, Bwana Fideli, kamati ya usalama iko wapi. Bwana Fideli akajibu kwamba iko njiani. Speciose akasema vizuri sana, yeye ataingoja, akaketi. Basi kikao kikaitishwa hapo hapo, nami nikachaguliwa mwenyekiti kwa kauli moja, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa macho. Niliporudi nikapongezwa kama bibi harusi.

Sikujua pa kuanzia. Speciose akanifundisha jambo moja ambalo nawaachia: usianze na karatasi, tembea. Tukatembea naye ukumbi mzima. Mtungi wa kuzimia moto wa kwanza ulikuwa umevalishwa koti la mtu. Wa pili ulizuia mlango wa stoo usijifunge. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa likizo ya uzazi. King’ora kilitegemea umeme, na moto ukitokea umeme ndio kitu cha kwanza unachozima. Hapo ndipo tulipotundika ile rimu ya gari na nyundo yake. Wageni huicheka. Haijawahi kuharibika.

Kuhusu buti za usalama, zile zenye chuma mbele, mnisamehe nicheke. Tuliwagawia wanaume wa kukata buti mpya, wakashukuru sana, na kesho yake wakaja kazini wamezivaa, wakazivua getini, wakazifunga kwenye mfuko na kuingia ukumbini na kandambili. Buti nzuri namna ile, wakasema, utazichafuaje kwa kazi? Jumapili niliziona kanisani, zimepakwa kiwi, zimepangwa miguuni mwa watu kama mashemasi. Ilibidi tuanze kuzihifadhi kiwandani, na hapo wake zao ndio waliokuja kulalamika.

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa mlango wa nyuma, nami sikulijua mpaka siku ya zoezi la kwanza la kutoka.

Tulilifanya asubuhi yenye jua, kila mtu ametangaziwa. Speciose alisimama nje karibu na uzio, ng’ambo ya majani, chini ya kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia. Mimi nilikuwa ndani mbele, nikagonga rimu, kisha nikawafuata watu kwa nyuma kama inavyotakiwa. Walisimama vizuri, wakazima mashine, wakaelekea mlango wa nyuma bila kelele. Nikajisifu moyoni. Mara wakasimama.

Wa mbele walikuwa wametoka, wakafika mwisho wa saruji, wakakuta majani. Na majani hayakanyagwi. Mwanangu wa pili anaishi Mwanza na atakaposoma hapa atacheka, kwa hiyo nieleze: katika mji huu mtoto hujua kwamba majani ya bustani hayakanyagwi kabla hajajua kusoma kibao kinachosema hivyo. Ukiyakanyaga kuna mtu atakuita, na akikosekana mtu, utajiita mwenyewe. Basi wale wa mbele wakageuka kwa adabu, wengine kushoto, wengine kulia, wakaanza kuyazunguka mmoja mmoja juu ya ule ukanda mwembamba. Na nyuma yao ukumbi mzima ulikuwa unakuja.

Domitila, mshonaji wa cherehani ya mwisho, ndiye aliyekuwa mlangoni msukumo ulipofika. Alibanwa kwenye fremu. Nilisikia sauti ikisema “Mana yanjye,” yaani Mungu wangu, polepole, kama ya mtu anayeomba radhi, na hakuna mwingine aliyepiga kelele. Watu waliposogea, mkono wake ulikuwa umening’inia. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, kwenye zoezi la usalama, siku ya jua, bila cheche hata moja.

Nilikaa naye zahanati tukingoja gari la kumpeleka hospitali. Nikamwuliza kwa nini hawakupita tu.

“Mama Aline, majani si iko imekatazwa?”

“Lakini tulisema kuna moto, Domitila.”

“Mulisema ni zoezi.”

“Na ungekuwa moto kweli?”

Akafikiri sana. Domitila si mtu wa kukupa jibu la kukuridhisha. “Sijui, Mama Aline. Naona mguu ungekataa kwanza.”

Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Sponji ikiwaka haikupi muda wa mguu kukataa kwanza. Moshi wake ni mweusi, mzito, na mtu huanguka kabla moto haujamfikia. Na kama moto utaanzia bandani, kama yule fundi alivyoniambia, mlango wa mbele haupo tena. Watu wote wale wangekuja kupitia mlango mmoja na kusimama mbele ya majani.

Majani yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Muzehe Selestini alikuwa mtunza bustani wetu, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtu mfupi, safi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Alipanda ile nyasi yetu ya pasipalumu kwa mikono, kipande kwa kipande, kwenye udongo ambao wajenzi walikuwa wamemwagia kila uchafu. Aliing’olea magugu akiwa peku. Shingoni alikuwa na firimbi, na mtu akikaribia ukingo tu, firimbi ililia mpaka mashineni tukaisikia. Kwa ajili ya majani hayo sekta, yaani serikali ya mtaa, ilitupa cheti cha usafi mara kadhaa, na Bwana Fideli alivitundika vyeti hivyo ofisini mwake, mahali ambapo mgeni akiketi hawezi kutazama kwingine.

Tulijaribu kwanza tangazo. Bwana Fideli mwenyewe alisimama akasema siku ya hatari ni ruhusa kukanyaga. Wote wakaitika “Yego,” yaani ndiyo. Zoezi la pili, wakafika ukingoni, wakasimama, wakainua vichwa kutazama dirisha la ofisi yake kuona kama hatari imefikia kiwango. Tukaweka kibao kwa lugha nne. Wakasimama kukisoma. Tukapanga mawe bapa katikati ya majani yawe njia, na hapo nilikuwa na matumaini makubwa. Wakapanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakapita juu ya mawe kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Safari hii Speciose alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho.

“Mama Aline,” akaniambia, “unataka mguu ufanye siku ya moto kitu ambacho haujawahi kufanya maisha yote. Huo mguu utautoa wapi? Wafanye wapite hapo siku za kawaida, mpaka wasahau kama wanapita.”

Nikaomba kamati iamue kwamba kila Ijumaa wakati wa kutoka kazini watu wote wapitie mlango wa nyuma na kukata majani katikati. Bwana Fideli akakuna kidevu. Nilidhani atasema cheti. Akasema, “Muulize Selestini. Akikubali yeye, mimi ni nani?” Ndipo nilipojua kwamba mkurugenzi wetu anamwogopa mtunza bustani wake.

Nilimfuata Muzehe pale alipokuwa anamwagilia.

“Weye Mama Aline,” akasema, na hakunitazama. “Miye hii gazoni nimeilea. Watu mingi namna hii, na viatu, kila juma? Apana. Muniue kwanza.”

Akapiga firimbi, ingawa hakukuwa na mtu ukingoni. Kesho yake hakuja kazini. Alituma salamu kwamba moyo unamwuma.

Kwetu mtu akiugua anatembelewa, na mtu akinuna anatembelewa vilevile, maana magonjwa hayo mawili yanatibiwa kwa soda. Tulikwenda nyumbani kwake, juu kidogo ya kiwanda, mimi na Domitila ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa shingoni. Tulibeba soda na mkate. Mkewe alitukaribisha, tukaulizana habari za watoto wote, wa kwangu, wa kwake, wa Domitila, na wa watu ambao hawakuwepo. Sikutaja majani, na Selestini hakutaja moyo. Alikuwa akiutazama mkono wa Domitila.

“Huo mkono,” akasema mwishoni, “ni ya ile mulango?”

“Ndiyo, Muzehe.”

“Ulianguka kwenye gazoni?”

“Sikufika, Muzehe.”

“Hata mguu moja?”

“Hata mguu moja. Niliogopa firimbi yako.”

Mkewe aliweka chupa chini taratibu. Selestini alivua ile kofia ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaishika magotini na kuigeuza geuza. Macho yake yalilowa na hakuyaficha. Baadaye akasema kwa sauti ya mtu anayekubali bei, “Ijumaa tu. Siku zingine ipumuzike.” Tukaitikia haraka kabla hajabadili nia, na njiani Domitila aliniambia kwamba soda ilikuwa nzuri.

Ijumaa ya kwanza Selestini alisimama katikati ya majani yake na firimbi mdomoni. Nikagonga rimu. Watu wakafika ukingoni, wakamwona, wakasimama papo hapo. Walikuwa wamezoea miaka yote kwamba firimbi ile inafukuza. Akaitoa mdomoni akapaza sauti: “Mukanyage! Kuja! Kuja huku!” Wa mbele wakainama, na mimi nilipoona wanachofanya nilikaribia kuketi chini. Walikuwa wanavua viatu.

“Munavua nini?” Selestini akafoka. “Moshi itawangojea muvue? Kuja na viatu!”

Walikuja wananyata, wanaume wazima wenye buti za chuma, wakiweka nyayo kama wanapita chumbani penye mtoto aliyelala. Ijumaa iliyofuata ilikuwa afadhali kidogo. Ilichukua msimu wa mvua na wa jua mpaka nikaona nilichokuwa nakingoja: watu wanakata majani katikati huku wanazungumza habari za harusi ya Jumamosi, hakuna anayetazama miguu. Katikati ya pasipalumu pakatokea upara. Mwaka huo cheti cha usafi kilikwenda kwa majirani zetu wanaotengeneza biskuti. Bwana Fideli alinuna mpaka Krismasi. Selestini alikuwa anautibu upara huo kila Jumatatu, na kila Ijumaa akipiga firimbi watu waje wauharibu.

Domitila alipopona aliniomba nimhamishie mbele, mbali na mlango ule, nami nikamhamisha. Sikumlaumu. Kila nilipopita kwenye cherehani yake ya zamani niliona kiti kitupu na nikajua kamati yangu bado haijamaliza kazi. Halafu asubuhi moja nikamkuta ameketi hapo, anapitisha uzi. Alisema ni kwa sababu ya mwanga, huko nyuma unaona vizuri zaidi. Nikamwachia huo mwanga, ila nilifurahi siku nzima.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne ya msimu wa mvua, baada ya chakula. Asubuhi tulikuwa tumemimina mabonge, na mvua ya upepo ikaingia bandani kutoka pembeni. Wanaume waliokuwa zamu waliyasogeza mabonge yasilowe, wakayasukuma chini ya paa karibu na mlango mkubwa, na paa ni dogo, yakabanana. Nyinyi mnajua tulivyorekebisha banda baada ya hapo. Siku hiyo walikuwa wanaokoa mali ya kiwanda, na hakuna aliyefikiri zaidi.

Nilikuwa mbele ukumbini, karibu na rimu, nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Kali, tamu kidogo, inayouma puani. Nilipogeuka, bonge moja lilikuwa linatoa moshi wa rangi ya njano kama pumzi, na katikati yake palikuwa pamegeuka kahawia. Kisha likafunguka. Mwanzoni moto ulikuwa mdogo tu, lakini moshi mweusi ukaingia kwa mlango mkubwa, ukapanda darini na kuanza kututembelea kwa juu.

Niligonga rimu. Nakumbuka nyundo ilivyokuwa nzito na nakumbuka fundi umeme akishusha swichi kubwa na ukumbi ukiwa giza nusu. Watu walisimama. Wakaelekea nyuma. Mimi nikawa mwisho, nimeinama, kitambaa puani, nawasukuma wale wa gundi waliotaka kurudi kuchukua makoti. Na moyoni nilikuwa na wazo moja tu: leo si Ijumaa.

Nilitazama visogo. Sikuona mlango, niliona visogo tu, na nilijua kwamba vikisimama tumekwisha. Mara nikasikia firimbi ya Selestini huko nje, inalia bila kukoma. Siku ya Ijumaa firimbi huita, lakini siku nyingine zote za juma bado ilikuwa inafukuza. Asubuhi ile ile ilikuwa imemfukuza dereva wa lori. Nikapiga kelele, “Kanyageni! Kanyageni majani!” lakini kwa moshi ule sauti yangu haikufika hata kwa aliyekuwa mbele yangu.

Visogo havikusimama. Vilizidi kwenda. Nikafika kwenye cherehani zetu, nikafika kwenye kiti cha Domitila, kitupu, nikafika mlangoni, na hewa ikanipiga usoni. Majani yote yalikuwa yamejaa watu. Walikuwa wanayakimbilia kwa upana wake wote, hakuna aliyetazama mawe, hakuna aliyezunguka, matope yanaruka na pasipalumu inang’oka vipande vipande chini ya buti. Selestini alikuwa amesimama katikati kabisa, kofia imeanguka, mashavu yamevimba kwa firimbi, anavuta watu kwa mikono miwili kuelekea kwake, na anayepita anamsukuma mbele na kumvuta anayefuata.

Kwenye uzio tuliita majina, kila sehemu na mwenye orodha yake. Wa kumimina wote. Wa kukata wote. Wa gundi wote, pamoja na wasio na makoti. Nikaanza kuita washonaji wangu, mmoja mmoja anaitika “Yego, mama,” “Ndiyo, mama,” mpaka nikafika kwa Domitila. Nikaita tena. Nyuma yangu paa la mbele lilikuwa linaporomoka na sikuweza kugeuka kulitazama. Nikaita mara nyingine, na sauti haikuwa yangu.

“Iko hapa!” Ilikuwa sauti ya Selestini, kutoka kona ya uzio. “Huyu hapa! Anatapika juu ya maua yangu!”

Alikuwa ameketi kwenye tuta la maua, mweusi usoni, anakohoa, na Selestini amemshika mabega. Akainua mkono, ule wa bega lililovunjika, akanipungia. Nililia. Nililia kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, mimi niliyekuwa nikiwaambia watu watulie, na sikuona aibu hata kidogo.

Bwana Fideli alifika akikimbia kutoka ofisini, tai begani. “Wote?” akaniuliza. Nikasema wote. Akauliza tena, nikasema tena. Basi akakaa chini, pale pale alipokuwa, kwenye matope yaliyokuwa majani, na suti yake ya vikao, na hakuinuka mpaka magari ya zimamoto yalipofika.

Mbele ya ukumbi iliungua. Tulijenga upya, banda likahamishwa mbali, nanyi wengi mliajiriwa baada ya hapo na mnadhani mlango wa nyuma siku zote ulikuwa mpana vile. Bwana Fideli alipotaka kumwaga saruji nyuma, Selestini akasema watu hawahitaji saruji, wanajua njia. Akapanda upya. Ijumaa zikaendelea, na bado zinaendelea, na yeyote atakayezifuta nitakuja kumtembelea bila soda.

Siku yangu ya mwisho mlinipa kitenge na keki, na hotuba zilikuwa ndefu kwa upendo. Nilipokuwa natoka getini, Selestini, ambaye naye anakaribia kustaafu na anakana, alinifuata na mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na vipande vya pasipalumu pamoja na udongo wake, vimefungwa kwa gunia bichi.

“Panda nyuma ya nyumba,” akaniambia. “Maji jioni. Na kibao usiweke.”

Nilivipanda. Vimeshika, vimeungana, sasa ni zulia dogo la kijani nje ya mlango wangu wa jikoni. Wajukuu wangu, watoto wa Aline, walipokuja mara ya kwanza walitoka mbio, wakafika ukingoni, wakasimama. Wakaanza kuyazunguka kwa adabu. Niliweka kikombe chini, nikavua kandambili, nikaenda kusimama katikati ya majani, nikawaita waje.